Kiboko Aliyetaka Kutajwa Mwisho

Niwape?

Tupe!

Ni chungu hii.

Tupe na uchungu wake!

Haya. Kiangazi kilikuwa kikali, mito yote ikakauka, likabaki bwawa moja tu. Ndani ya bwawa hilo alijilaza Kiboko, pwaa, akalijaza nusu nzima. Walinzi wake walikuwa siafu, na siafu hufuata amri kwa mpangilio wake. Swali la kwanza likikunasa, umekwisha, la pili hawakuulizi tena.

Mpiga mbiu wa Kiboko alikuwa Pimbi, kwa ile sauti yake kali. Alikuwa na mtoto mmoja, ana homa, analilia maji.

Siku moja Kiboko akasema, "Maji yanapungua. Watangazie siafu. Asiye na pembe, atolewe. Mwenye pembe, anywe asubuhi na jioni."

Wenye pembe alikuwa anawaogopa, mnajua tena.

"Na kama ni mgonjwa, bwana mkubwa?" Pimbi akauliza. "Nina mtoto..."

"Hakuna kama."

"Hata tone moja?"

"Nimesema hakuna kama."

Moyo wa Pimbi ukawaka, lakini uso akaukunjua. "Na wewe mwenyewe je?"

"Ikiwa ni Kiboko, akae majini mchana kutwa."

"Nikutaje wa kwanza?"

Kiboko akacheka, kho kho kho. "Umeona wapi mkubwa akatangulia barazani? Watu hukaa kwanza, ndipo mkubwa akaingia. Nitaje mwisho."

"Mwisho, bwana mkubwa."

Pimbi akapanda jiweni, akapiga mbiu neno kwa neno.

Siafu hao, tiki tiki tiki! Wakamfikia Nungunungu.

"Una pembe?"

"Sina."

"Toka."

Wakamfikia Nguchiro.

"Una pembe?"

"Sina."

"Toka."

Wakamfikia Pimbi na mwanawe.

"Una pembe?"

"Sina."

"Toka."

Wakamfikia Kiboko.

"Una pembe?"

"Mimi ni Kiboko."

"Huko hatujafika. Una pembe?"

"Sina, lakini..."

"Toka."

Wakamwingia puani, masikioni, kwapani, nya nya nya, maelfu kwa maelfu, mpaka akatoka mbio, bwata bwata bwata.

Juani ngozi yake ikaanza kupasuka. Akamkuta Pimbi kivulini mwa jiwe.

"Umenitoa," akasema, "lakini nawe uko nje."

"Mimi nilikuwa nje tangu ulipofungua mdomo."

Siku ya tatu Kiboko akafa. Pimbi hakwenda kumtazama, alikuwa anamfukia mwanawe. Pimbi mzima huweza kuishi kwa majani na umande, mtoto mwenye homa hawezi. Huko bwawani Nyati na wenzake walikunywa asubuhi, wakanywa jioni, wakasema amri ile ni nzuri, isiguswe.

Ngano nimeitua, bega lipumzike. Anayetaka tamu akaombe kwa jirani.

Na fundisho lake, wanangu: mkiwa wakubwa, msijitangulize. Jiwekeni mwisho kama Kiboko, ndiyo adabu.