Oili ya Mlimani Haishuki Bondeni

“Oili ya mlimani haishuki bondeni.” Bi Namkunda aliitamka methali hiyo alipokuwa akikataa mbegu ya mpunga ambayo mgeni aliisifia kwamba inazaa sana kwao. Vijana wa kikundi walicheka, kisha wakamuuliza imetoka wapi. Akakaa kwenye ukingo wa mfereji, akawasimulia ilivyoanza.

Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikundi hiki. Tulikuwa na injini moja ya dizeli iliyovuta maji mtoni na kuyamwaga kwenye mashamba yetu yote. Aliyeiendesha alikuwa Nakijwa, mjane mwenye watoto watatu. Aliipiga hendeli mwenyewe kila alfajiri, na kwa miaka sita haikuwahi kutulaza bila maji. Alitumia oili nzito, namba arobaini, kama alivyofundishwa na fundi wetu wa zamani, Mungu amrehemu.

Fundi huyo alipofariki, tulimleta Fundi Eliamani kutoka juu milimani. Kule alikuwa na sifa. Alihudumia mashine za kusaga za vijiji vinne, na watu walisema hata asubuhi ya ukungu, mkono ukiwa umekufa ganzi, injini zake huwaka kwa mzunguko mmoja. Alikuwa na desturi yake ya kupima oili: alfajiri anadondosha tone kwenye ukucha wa dole gumba, anauinamisha mkono. Tone likiteleza upesi, oili ni nzuri. Likisita, haifai.

Alifika kwetu, akalala, na kulipopambazuka akaipima oili yetu. Tone lilisita.

“Hii ni gundi,” akasema. “Mnaichosha injini bure.”

Akaimwaga, akaweka ya kwake, nyepesi. Injini iliwaka mara moja, laini, bila moshi. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga ya kwanza.

Siku ya tatu, saa saba mchana, Nakijwa alikuja tulipokuwa tunakula na fundi. Alishika stiki ya kupimia oili kwa kitambaa. Akaidondosha oili juu ya jani la mgomba, ikakimbia hadi ncha kama maji ya kunawa.

“Fundi, shikamoo. Naomba uitazame hii. Asubuhi ni oili. Saa hizi sijui niiite nini.”

“Marahaba, mama. Joto unalolisikia ni la nje. Ndani ya injini moto ni mmoja tu, huku na kule kwetu.”

“Kule kwenu mnaongeza maji ya rejeta mara ngapi kwa siku?”

“Mara moja. Siku nyingine hata hatuongezi.”

“Mimi naongeza mara tatu, fundi. Basi moto si mmoja. Na tangu juzi inagonga kwa chini, kama mtu anayebisha hodi. Turudishe ile nzito.”

Fundi aliweka tonge chini. “Mama Nakijwa, injini ulisomea wapi? Kwenye mafiga?”

Watu wakaangua kicheko. Mzee Kiangi, mhasibu wetu, akaongeza, “Muulize basi na chumvi inatiwa kiasi gani!” Nami nilicheka, wanangu. Sitawaficha.

Nakijwa aliwapa mgongo. Alinigeukia. “Mwenyekiti, dumu moja la namba arobaini bado liko stoo. Nipe ufunguo.”

“Dada, tumemwita mtu kwa heshima,” nikamwambia. “Tutamwaibishaje mbele ya chakula?”

Alinitazama, akaifuta stiki, akarudi kwenye injini yake.

Siku ya kumi, juani, injini ilinoki. Ilitoa mlio mmoja kama sufuria linalopasuka, ikasimama, na hendeli haikuzunguka tena. Beringi zilikuwa zimelika, shafti imeng'ang'ania. Mpunga ulikuwa ndio kwanza unachanua, na mnajua mpunga unaochanua ukikosa maji unakuwaje. Shafti mpya ilichukua wiki tatu kufika. Tulivuna mapepe. Ukilishika suke, lilikuwa jepesi kama unyoya.

Tukaitisha kikao. Fundi Eliamani alisimama akasema injini ilikufa kwa kukosa oili, kwa hiyo kosa ni la mwendeshaji. Ni kweli stiki ilikutwa kavu. Lakini oili ile nyepesi iliungua kwa joto, na Nakijwa aliongeza kila mchana mpaka dumu la fundi likaisha, huku ile nzito ikiwa bado imefungiwa stoo. Nililiona lile dumu tupu kwa macho yangu.

“Mwenyekiti anajua nilichoomba,” Nakijwa alisema. “Aseme.”

Watu wakanitazama. Nilikuwa na njaa ya mwaka mzima mbele yangu na aibu ya kumleta yule mtu, na mkutano ulitaka wa kumlaumu. Nikasema tu, “Mwendeshaji ndiye mwenye injini.”

Walimwondoa kazini. Shamba alilogawiwa na kikundi akapewa mwingine. Alipoinuka, alisema kwa sauti ndogo, bila hasira, “Oili ya mlimani haishuki bondeni. Mngeuliza tu anayeishi na joto.” Kesho yake alihama na wanawe.

Shafti ilipofika, fundi wa mjini aliifungua injini, akauliza ni nani aliyeweka oili nyepesi kwenye nchi ya jua namna hii. Akajaza namba arobaini. Ndipo watu walipoanza kuyarudia maneno ya Nakijwa, kwanza kwa kunong'ona, baadaye kwa utani, kana kwamba yalikuwa yao.

Nilimfuata huko alikohamia. Nilimkuta akipalilia shamba la watu. Alinipa maji ya kunywa, akaulizia afya yangu, akaulizia na injini, vile mtu anavyomuulizia mtoto aliyemwacha. Nikamwomba msamaha, nikamwambia arudi.

“Msamaha nimetoa, dada,” akasema. “Kurudi, hapana. Siku ile hukuninyima ufunguo tu. Ulininyima neno.”

Akashika jembe lake, akaendelea.

Bi Namkunda aliinuka taratibu, akakung'uta udongo kwenye kanga. Safari hii hakuna kijana aliyecheka.

“Basi mkiisema, isemeni mkijua aliyeilipia,” akawaambia. “Oili ya mlimani haishuki bondeni.”