Boksi Jipya la Mzee Asajile

Wapendwa, ndugu zetu wa vyombo vya muziki wanisamehe asubuhi hii, maana nitaingia kwenye kazi yao. Nikikosea jina la kitu, mnisahihishe tukishatoka nje, siyo sasa hivi.

Kulikuwa na mzee mmoja kule Tukuyu, mpiga gitaa la besi kwenye kwaya. Tumwite Mzee Asajile. Besi mnaijua? Ni lile gitaa la nyuzi nne nene, ambalo hulisikii sana masikioni, unalisikia kifuani. Likinyamaza ndipo unajua kwamba lilikuwepo. Mzee huyu alikuwa na mashine ya kukuza sauti, amplifaya ya zamani, ile aina ya valvu. Ndani yake vimesimama vichupa vya kioo, na ukiwasha umeme vinashika rangi polepole kama makaa yanayopulizwa. Aliipenda mno mashine ile. Aliifuta kwa kitambaa kabla ya ibada na baada ya ibada. Mkewe, Bi Subilaga, aliyeishi naye miaka thelathini na minane, alikuwa akimtania: "Baba Lusajo, mimi hujanifuta vumbi hata siku moja."

Basi mwaka mmoja spika yake ikachanika, akatafuta nyingine. Akapata boksi dogo la spika, jeusi, linang'aa, unalibeba kwa mkono mmoja. Akafurahi, maana mgongo ulishaanza kumsumbua. Jumapili akaunganisha, wimbo ukaanza, akapiga. Mwalimu wa kwaya akamgeukia.

"Mzee, ingia basi."

"Nimeingia zamani!"

Mnacheka. Yeye hakucheka. Aliongeza sauti mpaka nusu, kisha akaongeza mpaka mwisho. Besi ikatoka inakwaruza kama mtu mwenye mafua anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, na nyuma ya mashine kukaanza kutoka harufu ya kuungua. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, hadi wazee wa kanisa wakasema, jamani, hiki chombo kimezeeka, kitolewe. Na tuseme ukweli, Mzee Asajile alisikia kama vile wanamsema yeye.

Akabeba mashine, gitaa na lile boksi mpaka kwa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamama, Ikupa, mwenye kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yangu imeishiwa nguvu. Usinifiche, niambie ukweli."

Ikupa akaifungua, akapima valvu moja baada ya nyingine, hana haraka. Akaifunga.

"Baba, hii ni nzima kabisa."

"Mbona haisikiki?"

"Hebu nione unaiunganisha na nini."

Mzee akaonyesha lile boksi lake linalong'aa. Ikupa akaligonga kwa kidole, akalinyanyua kupima uzito.

"Hii spika siyo mbaya. Ila ni ngumu kutikisika, inataka kusukumwa kwa nguvu. Ungekuwa na mashine yenye nguvu mara kumi ya hii, ingeimba vizuri sana. Lakini hii yako ni ya wati thelathini tu. Yenyewe inasema, inasema, na boksi hili halishtuki. Ukiendelea kuikamua hivyo, baba, siku moja itajiunguza yenyewe."

Nyuma ya kibanda kulikuwa na boksi lingine, la mbao, kubwa kama kabati la nguo. Ndani yake spika mbili pana za karatasi nyepesi, ambazo ukizipulizia tu zinatikisika. Ikupa akaangalia kwanza namba zilizoandikwa nyuma ya boksi na zile za nyuma ya mashine, kama zinakubaliana, maana mashine za valvu hazitaki mchezo hapo. Zikakubaliana. Akaunganisha, akaweka sauti robo tu.

"Piga, baba."

Wapendwa, robo! Misumari iliyokuwa ndani ya kopo pale mezani ikaanza kucheza. Mama aliyekuwa anakaanga maandazi upande wa pili wa barabara akageuka na mwiko mkononi. Mzee akaacha kupiga, akaitazama mikono yake.

"Ni ileile?"

"Ni ileile. Sijaongeza hata kidogo."

Sasa, mhubiri mvivu angeishia hapa. Angewaambia, wapendwa, mtafute watu wanaowasikia, amina, tukaenda nyumbani kila mtu amefurahi. Kwani nani hapa hajajiona kuwa ndiye ile mashine? Ananyoosha mkono nani? Wewe mama unasema kila siku na watoto hawasikii. Wewe baba kazini unasema na mkubwa wako hasikii. Mimi mwenyewe nahubiri hapa, na kule nyuma kuna mtu amesinzia. Sote tu wazima, ubovu ni wa boksi.

Subirini. Mzee bado hajafika nyumbani.

Alifika mchana, jua la saa saba, anatembea kama kijana. Bi Subilaga amekaa barazani, ungo mapajani, anachambua maharage.

"Mama, mashine ilikuwa nzima siku zote! Walitaka kuitupa bure! Ilikuwa inasema, ila haikuwa na wa kuipokea!"

Mkewe akatabasamu, vidole vyake vinaendelea kupapasa ndani ya ungo.

"Afadhali hiyo mashine, imepata fundi. Mimi nimeshasema mara ngapi?"

"Umesema nini?"

"Macho yangu, Baba Lusajo."

Alisema kwa sauti yake ya siku zote, ndogo, haina lawama ndani yake. Na hapo mzee akakumbuka. Mkewe alimwambia wakati wa kuvuna viazi, naye huku anakaza nyuzi za gitaa akajibu, "Jaribu miwani yangu." Alimwambia tena wiki ya Pasaka, akajibu, "Uzee huo mama, tumezeeka wote." Alimwambia na mara ya tatu, amesimama mlangoni. Mara hiyo mzee hakukumbuka alijibu nini, wala kama alijibu.

Akatazama kwenye ungo. Katika maharage yale yaliyokwisha kuchambuliwa, mawe yalikuwa yamejaa.

Akaweka mashine chini. Akaketi sakafuni kando ya mkewe, pamoja na ubovu wote wa mgongo wake. Akasema, "Hebu niambie tena. Anza mwanzo." Mama yule akazungumza hadi jua likageuka, naye mzee hakumkatiza.

Kesho yake wakaenda hospitali. Daktari akawaambia ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshapoteza nuru, na nuru hiyo hairudi. La kulia bado, wataliokoa, lakini kwa dawa ya matone kila siku ya maisha yake. Kisha daktari akauliza, kama madaktari wanavyouliza: "Mama, ilianza lini? Mbona hamkuja mapema?"

Mzee Asajile akainamisha kichwa, akasubiri kutajwa.

Bi Subilaga akasema, "Tulichelewa kidogo, daktari."

Tulichelewa. Mmelisikia hilo neno? Hakusema, alinichelewesha. Alimwingiza mumewe kwenye neno moja na yeye, akamfunika, mbele ya mgeni. Na mzee yule, ambaye msibani halii, akalia pale kwenye kiti cha hospitali. Mpaka leo matone anamtia yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, na binti zake wakitaka kusaidia anawafukuza.

Sasa turudi kwetu sisi. Tumekuja hapa na malalamiko ya mashine: sisikiki, sieleweki, nimesema mpaka nimechoka. Na mengine ni ya kweli, sikatai. Lakini nani amekuuliza wewe ni boksi la namna gani? Tumependa kuwa maboksi madogo yanayong'aa, ambayo hayamchukulii mtu nafasi, na hayatikisiki mpaka mtu apige kelele. Kusikia ni kitu kikubwa, wapendwa. Kinajaza sebule. Hukipitishi mlangoni huku unakimbia kwenda kwingine.

Yuko mtu nyumbani kwako aliyekwisha kusema mara mbili. Labda ni mkeo, labda ni baba yako mzee, labda ni yule mtoto mpole ambaye huwa mnasema hana shida. Usimngojee aongeze sauti. Wengine sauti yao yote ni hiyo hiyo, hawana pa kuongezea.

Acha chakula cha leo kipoe. Keti karibu naye, umwambie: rudia, sasa nipo.