Shali Ambayo Haikupangwa

Hapo zamani, si ile zamani ya mazimwi na wafalme, ni zamani ya karibu tu ambayo hata mama yako anaikumbuka, palikuwa na nyumba moja upande wa Rungwe, kule juu ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi na mtu hatoki asubuhi bila sweta. Katika nyumba hiyo aliishi Gwantwa na mumewe Asajile. Aliishi pia Bibi Kissa, mama yake Asajile, mjane. Na aliishi Tumpe, dada yake Asajile, ambaye alikuwa ameshachumbiwa na anasubiri harusi.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mwaka ukianza, wanawake hao watatu walikaa sebuleni mchana mmoja, wakaiweka cherehani katikati kama mgeni wa heshima, wakapanga. Mwaka huu tushone nini? Tufume nini? Nani avae, nani asubiri? Na mwaka ukiisha walikaa tena, wakatoa kila kilichotoka mikononi mwao, wakakitandaza mkekani na kusemezana. Hiki kimefaa. Hiki tulikosea. Hiki tusikirudie.

Gwantwa ndiye aliyeipenda desturi hiyo kuliko wote. Akili yake ilitulia akipanga. Mwaka huo alipanga mapazia ya sebule, suruali ya shamba ya Asajile, gauni la Tumpe la kuagwa, na sweta la Bibi Kissa. Akamaliza, akaanza kukunja vitambaa.

Tumpe akamuuliza, "Na cha mtoto je, wifi?"

Gwantwa alikuwa na mimba changa, na wote walijua, ila hakuna aliyekuwa ameitaja. Alikwisha kubeba mimba mbili kabla ya hiyo. Mara zote mbili alishona kila kitu mapema, vikofia, visoksi, vigauni, na mara zote mbili nguo zilibaki na mtoto hakubaki.

"Huyu asipangiwe kitu," alisema. "Kisikatwe kitambaa, kisifumwe chochote. Akija akanikuta mikono mitupu, nitamfunika kwa kanga yangu."

"Kwa baridi hii ya huku?"

"Nimeshasema, Tumpe."

Lakini Tumpe alikuwa na sufu nyeupe, laini, ambayo mchumba wake alimletea kutoka mjini afume shali ya harusi. Akaichukua, akawa anakaa nyuma ya jiko, anafuma shali ya mtoto, na akisikia hatua anaificha ndani ya kapu la vitunguu.

Siku moja Gwantwa alifuata vitunguu.

Hakupiga kelele. Aliitoa ile shali, akaitazama kama mtu aliyeona jeneza dogo. Akaisogeza jikoni, akaitia motoni. Sufu ikiungua hunuka kama nywele. Harufu ile ndiyo iliyomleta Tumpe mlangoni.

"Wifi," Tumpe alisema polepole, "hiyo ilikuwa sufu ya harusi yangu."

"Nilisema kisifumwe chochote."

Bibi Kissa, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake pembeni, aliona yote na hakumkemea yeyote. Tumpe akaolewa mwezi wa sita bila shali, mabega wazi katika baridi ya kipupwe, akitabasamu huku midomo imembadilika rangi. Gwantwa alimtazama siku ile akataka kumwomba radhi, lakini kila alipofungua kinywa, aliona tena vile vigauni vya kwanza na vya pili. Akashindwa.

Mwezi wa saba, kabla ya wakati wake, uchungu ukamshika. Bibi Kissa akamfikisha zahanati asubuhi, ukungu umelala hadi madirishani. Mtoto akatoka, msichana, mdogo kama kiganja cha baba yake, sauti yake nyembamba kama ya kifaranga. Muuguzi akamweka kifuani kwa mama yake, akatazama huku na huku.

"Hapa hatuna mashine ya joto," alisema. "Huyu akipoa tu, basi. Mmekuja na nini cha kumfunika?"

Gwantwa alikuwa na kanga yake, imelowa. Hapo ndipo Bibi Kissa alipoingiza mkono ndani ya koti lake akatoa shali ya rangi ya kahawia, nzito, iliyobana. Muuguzi akaishika kwa vidole, akaguna kwa kuridhika, akawazungushia mama na mtoto pamoja.

Gwantwa aliijua rangi ile mara moja. Ilikuwa ya sweta la marehemu baba mkwe. Nguo nyingine zote za mzee ziligawiwa ndugu siku ya kumaliza matanga, na mama mkwe wake alibakiza lile tu. Kila Jumapili alilitoa sandukuni, akalishika mapajani, kisha akalirudisha.

"Mama," Gwantwa alinong'ona, "umelifumua?"

"Funika mtoto," Bibi Kissa alisema.

Kipupwe chote mtoto aliishi ndani ya shali ile, kifua kwa kifua. Akanenepa. Akajifunza kupiga kelele. Muuguzi alipompima mara ya mwisho alisema, "Kilichomwokoa huyu ni joto. Shali yenyewe haipitishi upepo." Lakini jina hakuwa nalo. Walimwita Mtoto tu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu. Mwishowe Asajile akamwambia mkewe, "Jumapili baada ya Krismasi atabarikiwa kanisani. Jina litoe wewe. Mpe la yule ambaye bila yeye tusingekuwa naye, awe somo wake."

Na somo kwao si jambo dogo. Mtu na somo wake hula chungu kimoja. Somo huuguza, hufunza, husimama siku ya harusi, na akifa, jina lake hubaki linaitwa uani kila asubuhi. Mtoto ana somo mmoja.

Gwantwa hakuona ugumu. Ataitwa Kissa. Moyo wake ukatulia, kama anapopanga.

Mwaka ukafika ukingoni, wakakaa tena sebuleni. Tumpe naye alikuja kutoka kwa mumewe. Wakatandaza. Mapazia yalishonwa kitambaa kikiwa hakijaloweshwa, yakafuliwa yakarudi, sasa yaliishia katikati ya dirisha. Wakacheka. Suruali ya Asajile ilikuwa na mguu mmoja uliopinda kidogo, ila shambani nani anautazama. Gauni la Tumpe lilikuwa zuri, wakasema lirudiwe. Sweta la Bibi halikuwahi kuanzwa.

Kisha Gwantwa akaileta ile shali, akaiweka juu ya vyote.

"Hii haikuwa kwenye mipango," alisema, "na ndiyo kazi ya mwaka. Mama, mikono yako ndiyo iliyofuma hii. Mtoto ataitwa Kissa."

Bibi Kissa akatikisa kichwa. "Sufu ni yangu. Mikono si yangu. Macho haya hayaoni hata tundu la sindano, mwanangu. Alifuma Mama Lugano."

Gwantwa akakaa chini.

Mama Lugano alikuwa jirani yao, jina lake mwenyewe Sekela, mfumaji wa masweta ya kuuza. Alimzaa Lugano wake wiki ileile Gwantwa alipompoteza mtoto wa pili. Tangu hapo Gwantwa hakuweza kumsalimia. Walipishana njiani kama watu wa lugha mbili.

Bibi Kissa akatuma aitwe. Mama Lugano akaja, akasimama mlangoni, akaiona shali mkekani.

"Hiyo si ya magoti?" aliuliza.

"Nilikudanganya," Bibi Kissa alisema. "Nilikwambia nataka ya kufunika magoti yangu. Ilikuwa ya mtoto wa Gwantwa. Niliogopa utakataa."

Mama Lugano akamtazama Gwantwa, kisha akaitazama shali.

"Sitasema uongo ndani ya nyumba ya watu. Ningejua ni ya nani, huenda ningesema sina nafasi. Mtu anayenipita bila salamu, nimfumie? Lakini sikujua. Niliweka kando masweta ya wateja kwa ajili ya magoti ya mama huyu. Nilikunja uzi mara mbili, nikabana kila mstari, maana magoti ya mzee hayataki upepo. Ningejua ni ya mtoto, ningefuma kama tunavyowafumia watoto, yenye matundu ya maua. Jina siombi. Ila akitokea wa kusema si kazi yangu, hapo tutakosana."

Tumpe alikuwa ameinama. Akainua uso.

"Hata yangu ilikuwa ya matundu ya maua," alisema. "Hilo nakubali. Lakini nani alimfikiria mtoto huyu wakati mama yake mwenyewe alikataa asifikiriwe? Nilikatazwa, nikachomewa sufu, nikaolewa natetemeka. Mama, wewe ungelitoa lile sweta kama usingeiona yangu ikiungua?"

"Nisingelitoa," Bibi Kissa alisema. "Nilipoinusa ile sufu ndipo nilipojua kwamba mtoto atakuja na hatakuta kitu."

"Basi."

"Basi nini, Tumpe? Yako ni majivu. Mimi nilibaki na kitu kimoja cha baba yenu, na kila nilipovuta uzi niliuona mkono wake ukiondoka, kisha kifua, kisha shingo. Jumapili sasa nakaa sina cha kushika. Sitasema zaidi."

Gwantwa aliwasikiliza, na kila aliyesema alimwona ana haki, mpaka alipoanza kusema mwingine. Tumpe alitaka, lakini alichokifanya hakikumgusa mtoto, na aliyekichoma ni Gwantwa mwenyewe. Mama alitoa, lakini uzi mtupu haumfuniki mtu, na alidanganya. Mama Lugano alifuma, lakini hakumkusudia mtoto, na kama angemkusudia, upepo ungepita. Akajaribu kulipanga jambo hilo kama anavyopanga vitambaa, kikubwa chini, kidogo juu. Halikupangika. Alimwita mtoto Tumpe, mtoto akageuka. Akamwita Kissa, akageuka. Akamwita Sekela, akageuka vilevile.

"Mpe yote matatu," Asajile alimwambia.

"Ukiwa na somo watatu," Gwantwa alimjibu, "huna hata mmoja."

Jumapili ikafika. Bibi Kissa alikaa benchi la mbele. Tumpe alikaa kando yake. Mama Lugano alikaa nyuma karibu na mlango, na Gwantwa, alipopita na mtoto mikononi, alisimama akamsalimia, mara ya kwanza tangu miaka ile. Mama Lugano akaitikia.

Mchungaji akampokea mtoto, akauliza mbele ya watu wote, "Anaitwa nani?"

Gwantwa akageuka. Akawatazama wale watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote watatu wakainamisha macho wasije wakaonekana wanaomba. Akafungua kinywa.

Hapo walionisimulia walianza kubishana wao kwa wao, kila mmoja akiapa kwamba alilisikia jina, na kila mmoja akitaja lake. Kwa hiyo mimi nawaachia ninyi mnaonisikiliza. Mngekuwa mmesimama pale, mtoto anangoja na watu wametulia, mngetamka lipi? Yuko aliyetaka na kazi yake ikawa majivu. Yuko aliyetoa kitu chake cha mwisho na kusema uongo. Na yuko aliyefuma bila kujua, ambaye kama angejua asingefuma.

Je, nani alistahili jina lile?