Nungunungu na Mizigo ya Watu

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmebeba magunia ya viazi? Yashusheni kwanza. Nyosheni miguu. Na wewe baba wa pale nyuma, weka simu chini, haitakimbia. Tena. Paukwa!

— Pakaaawa!

Haya, sasa mmefika.

Hapo zamani za kale, kobe bado anajisifu kwa mbio, na fisi bado ana mgongo ulionyooka kama ubao, alikuwepo Nungunungu. Alikuwa na mke, alikuwa na mtoto. Mtoto aliitwa Sindano, kwa hiyo kijiji kizima kikamwita Baba Sindano. Alikuwa na miiba, jamani! Mirefu, myeusi kwa myeupe. Akitembea inalia: chaka-chaka-chaka. Fisi akiisikia tu, anakumbuka kwamba ana safari ya upande mwingine.

Ila Baba Sindano alikuwa na ugonjwa wa ulimi. Hakujua kusema hapana.

Siku moja Kima alitaka kupanda mti, naye ana kibuyu mkononi. Akaitazama ile miiba. Hakuona miiba, aliona vigingi vya kutundikia.

"Baba Sindano, ndugu yangu, nishikie mara moja. Narudi sasa hivi."

"Haya, tundika."

Kima akatundika. Chwaka! Akapanda juu, akakuta wenzake, akakuta matunda, akasahau kama aliwahi kuwa na kibuyu.

Akaja Bi Kanga na kikapu cha mayai. "Baba Sindano, nishikie mara moja. Narudi sasa hivi."

"Haya, tundika." Chwaka!

Akaja Ngiri na kapu kubwa, limefunikwa kwa majani, linanuka nuka. "Baba Sindano, nishikie mara moja. Na usifunue! Hiki ni kitu changu cha thamani. Narudi sasa hivi."

"Haya, tundika." Chwaka!

Akaja Mbega na kinu. Kinu, jamani! Na mchi wake!

"Haya," akasema Baba Sindano. "Tundika."

Na wote walisemaje?

— Narudi sasa hivi!

Walirudi?

— Wapi!

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama mgongoni kwa mwingine, unauona mwepesi, unapepea wenyewe.

Basi Baba Sindano akaanza kubadilika. Akilala, anawaza mayai yasivunjike. Akigeuka, kinu kinamkumbusha kwamba kipo. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Kichwa kinamgonga. Moyo ndu-ndu-ndu, hata akiwa amekaa tu anatazama ukuta. Akatumwa kisimani kuchota maji, akarudi na jiwe. Akalitazama lile jiwe, akaliuliza limetoka wapi. Mtoto Sindano akapiga chafya, baba akamfokea kama kachoma nyumba.

Mkewe akamuuliza, "Baba Sindano, una nini?"

"Sina kitu!" akajibu, huku kinu kinamning'inia mgongoni na mchi unamgonga kisogoni. "Nasema sina kitu!"

Asubuhi moja akasikia: puk!

Akageuka. Mwiba wake uko chini, umelala kama kijiti cha kuchokolea meno.

Na Fisi aliusikia.

Mnamjua Fisi. Ni yule anayeweza kumfuata mtu njia nzima kwa sababu mikono inabembea, akitumaini mmoja utadondoka. Sasa amepata kitu kinachodondoka kweli! Akahamia jirani. Kila asubuhi yuko mlangoni, kakaa, adabu tele.

"Habari za asubuhi, jirani? Umelalaje?"

"Sikulala."

"Pole sana. Basi usiende kulala tena." Puk! "Aaa, nao huo." Mate tiririri.

Baba Sindano akiwaza miiba, miiba inaanguka. Ikianguka, anawaza zaidi. Akiwaza zaidi, puk! puk! puk! Na miiba ikiisha, Fisi atakula. Atamla yeye, atamla na Sindano, ambaye miiba yake bado ilikuwa laini kama manyasi. Hilo ndilo lililomnyima pumzi.

Kima akachungulia kutoka juu. "Dawa yake ndogo! Gundi ya mgunga. Unaibandika, kwisha."

Wakabandika. Kima ndiye aliyekuwa fundi, kwa hiyo msishangae. Mwiba mmoja ukaelekea kushoto, mwingine ukaelekea ardhini, mwingine ukamwelekea mwenyewe puani. Hawezi kukaa, hawezi kulala, hawezi kunusa ugali bila kujichoma. Bi Kanga akapita kutazama mayai yake, akajiegemeza kidogo. Nata! Kamganda ubavuni.

"Kwek-kwek-kwek! Nakufa! Nitoeni!"

Wakavutana. Baba Sindano huku, Bi Kanga kule, kijiji kizima kinashangilia. Bi Kanga akang'oka, mkia wake ukabaki. Akachukua kikapu chake cha mayai, akaapa hatamsalimia tena mtu yeyote mwenye miiba. Na miiba yote ya gundi, puk-puk-puk-puk, chini.

Baba Sindano akakaa juu ya miiba hiyo. Akalia machozi.

"Mama Sindano, naogopa," akasema. "Naogopa sana, na nimechoka."

Mama Sindano hakumcheka, ingawa yeye hucheka hata msibani. Akamfuta pua. "Afadhali umesema. Siku zote hizi unaniambia huna kitu, nami nakuona unatembea kama ghala. Twende bwawani, ukaoge hiyo gundi."

Wakaenda, na Sindano nyuma yao. Bwawani alikaa Chura. Msidhani ni mganga. Ni Chura tu, mvivu, kazi yake kukaa juu ya jani na kufura koo.

"Wee Baba Sindano," akasema Chura, "punguza huo moyo. Ndu-ndu-ndu, unanitikisia jani."

"Nitaupunguzaje?"

"Sijui. Mimi nafanya hivi." Akavuta pumzi taratibu, koo likafura: puuuuu. Akaitoa taratibu zaidi: fyuuuuu.

Hebu tuvute wote. Puuuuu.

— Puuuuu.

Fyuuuuu.

— Fyuuuuu.

Baba yule wa simu, umefanya? Vizuri.

Baba Sindano naye akavuta. Mara ya kwanza ilitoka mbweu. Bweee! Sindano akacheka, Mama Sindano akacheka hadi akaanguka majini, chubwi! Na Baba Sindano, ambaye alikuwa amesahau kicheko kinatokea upande gani wa mdomo, akacheka. Akavuta tena, puuuuu, fyuuuuu. Moyo ukashuka: ndu... ndu... ndu. Wakavua lile kapu, kibuyu na kinu kwenye miiba ya mkiani iliyobaki, wakaviweka kando, naye akalala palepale ukingoni, jua likimpiga tumboni.

Alipoamka, hapakuwa na mwiba hata mmoja uliodondoka.

"Umeona?" akasema mkewe. "Miiba yako haiumwi. Inayokuua ni 'haya, tundika'. Hebu sema hapana."

"Ha..." akasema Baba Sindano. Akajikaza. "Ha... ha... haya."

"Hapana!"

"Haya, hapana."

"Mungu wangu," akasema Chura, akazama.

Wakajitwisha ile mizigo tena, safari hii wakagawana, wakaanza safari ya kuwarudishia wenyewe. Hawakufika mbali. Fisi alikuwa kaketi katikati ya njia, leso shingoni.

"Habari za mchana, jirani? Naona imebaki ya mkiani tu." Akasogea. "Nimengoja kwa adabu. Sasa adabu imeisha."

Sindano akajificha nyuma ya mama yake. Moyo wa Baba Sindano ukaanza: ndu-ndu-ndu. Mwiba mmoja wa mkiani ukalegea. Akataka kukimbia, lakini kwa mizigo ile Fisi angemfikia kabla ya kuinua mguu.

Akavuta pumzi. Puuuuu. Akaitoa. Fyuuuuu.

Pumzi ilipotulia, macho yakaona. Akaona pua ya Fisi haimnusi yeye. Inalinusa kapu la Ngiri.

"Ndani mna nini?" akauliza Fisi.

"Sijui, jirani. Ngiri kasema nisifunue. Kasema ni kitu cha thamani."

Fisi akameza mate. Akapiga hesabu zake za kifisi: huyu hana miiba, hana mbio, ataliwa tu. Kwanza kapu, ndipo mwenyewe.

Baba Sindano naye akayaona yale mahesabu usoni kwa Fisi. Akasema polepole, "Jirani, nishikie mara moja. Narudi sasa hivi."

"Haya!" akasema Fisi. "Tundika!"

Wakamtundika. Kapu, kibuyu, kinu na mchi wake, vyote nyuma, karibu na mkia. Miguu ya nyuma ikazama. Wakamfunga kwa ukindu, na yeye anacheka tu. Baba Sindano akamshika mtoto mkono, wakaenda zao. Hawakukimbia hata kidogo.

Fisi akajipinda nyuma, akafunua kapu, mdomo wazi, akazamisha kichwa chote.

Tope.

Tope la kuogea la Ngiri, lililoiva, la bwawa la babu yake!

Sasa akaja Ngiri. Akaja Kima, ghafla kiu imemkumbusha kibuyu. Akaja Mbega kutafuta kinu. Wote siku moja, wale wa sasa hivi! Wakamkuta nani na vitu vyao? Fisi, mwizi anayejulikana, tope hadi masikioni.

"Nimeshikishwa!" akalia Fisi. "Kwa jina la mama, nimeshikishwa tu!"

Nani angemwamini? Walimshushia mchi ule ule. Akakimbia na kinu mgongoni, hajui kukifungua, anacheka kwa woga, hihihihi, kilima baada ya kilima. Kinu kilipodondoka, mgongo ulikuwa umekwisha kuteremka kwa nyuma. Haukunyooka tena hadi leo.

Na Baba Sindano, mnajua alikuwa wapi wakati wa zogo lote lile? Shimoni mwake, kalala. Khoroooo. Khoroooo. Sindano alipiga chafya pembeni yake, naye akageuka tu, akamkumbatia.

Miiba ikaota. Taratibu, ikaota. Siku moja Kima akaja na kibuyu kipya. "Baba Sindano, ndugu yangu, nishikie mara..."

Baba Sindano akafungua mdomo. Akaona "haya" inakuja, iko ulimini kabisa. Akaufunga mdomo, akatikisa mkia: chaka-chaka-chaka!

Kima akakumbuka kwamba kumbe ana mikono miwili.

Wanangu, na nyinyi wazazi wa wanangu, hofu ukiibeba kimya inakula mwili kabla fisi hajafika. Ukizidiwa, sema umezidiwa. Vuta pumzi, lala, cheka, na mizigo ya watu warudishie wenyewe. Kumsaidia mwenzio ni vizuri, ila mgongo wako usiufanye ukuta wa kutundikia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mimi nimeitua. Anayeitaka aibebe aende nayo kwake, lakini asinirudie kesho akisema nimshikie mara moja.