Udongo Ndani ya Sanduku

Mtu mmoja alikuwa na ghala la mahindi kwenye mteremko, nyuma yake migomba, mbele yake njia ya watu. Jina lake Mzee Mwaipaja. Alilijenga mwenyewe kwa matofali mabichi, yasiyopita motoni, akaezeka bati, akapaka chokaa nje na ndani, likang'aa. Milimani kule mvua haina adabu. Haibishi hodi, na ikishaingia hukaa kama mgeni aliyefukuzwa kwao. Maji yalikuwa yakishuka chini kwa chini kupitia kwenye migomba na kuulowesha ukuta wa nyuma. Mzee alilijua hilo. Miaka kumi na mmoja hakuegemeza gunia hata moja kwenye ukuta ule. Aliacha nafasi ya mtu kupita, na wanawe walipomuuliza alisema, "Ukuta huo si wa kuegemea." Liwekeni neno hilo karibu, maana tutalihitaji.

Basi wana wakaoa, wakahama, shamba likapungua, ghala likabaki tupu. Wakati huohuo ukaja mradi wa kuwafundisha kusoma watoto waliopitwa na shule. Wageni walileta madaftari, chaki na maneno mazuri. Walichokosa ni mahali. Kamati ya wazazi ikapanda kwa Mzee, mbele yao mwenyekiti wao, Mama Ambwene, mnene wa mwili na wa moyo, mama ambaye maiti haikuzikwa wala harusi haikuchezwa bila yeye.

"Mzee wetu, ghala lako panya wanachezea ngoma," alimwambia. "Tupe sisi, watoto wachezee a, e, i, o, u."

"Mama, panya hao ndio wapangaji pekee walionibakia. Unataka nikae na nani?"

Wakacheka wote, na Mzee akatoa ufunguo huku anacheka. Alitaka kusema habari ya ukuta. Neno lilimfika mdomoni. Lakini aliwatazama wale wageni, makaratasi mkononi, kalamu mbilimbili mfukoni, akajiambia: hawa wamesoma, bila shaka wameshapima. Akalimeza. Gunia aliliogopea miaka kumi na mmoja. Mtoto hakumwogopea hata siku moja.

Siku ya kufungua darasa wageni walitundika vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa karatasi kubwa yenye sheria za kuwalinda watoto: mtoto asipigwe, asitukanwe, asiachwe peke yake na mtu asiyejulikana, na mahali pake pawe salama. Maneno mema, Mungu anajua, sina ugomvi nayo. Ila ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, kutoka dirishani hadi chini. Wakaona waibandike hapo ile karatasi, ifiche ubaya ule mbele ya watu. Wakapigilia misumari minne.

Cha pili kilikuwa sanduku la mbao, lina mwanya juu kama sanduku la sadaka, na kufuli lake. Wakasema, mtoto akiona baya lolote aliandike kwenye karatasi, atie humu. Asiende kunong'ona kwa mtu, maana watu huficha. Sanduku halifichi. Mama Ambwene alipewa ufunguo, alifungue kila Jumamosi. Alisimama kupokea, watu wakapiga vigelegele. Siku hiyo alikuwa amevaa khanga yenye ile methali ya ufa na ukuta, mnaijua, hakuna asiyeijua. Lakini maandishi ya khanga hukaa mgongoni, na aliyevaa hausomi mgongo wake.

Hapakuwa na mtu wa kuuliza jambo moja dogo. Watoto hawa wameletwa hapa kwa sababu gani? Wameletwa kwa sababu hawajui kuandika.

Mwezi wa kwanza sanduku lilifunguliwa mara nne, likakutwa tupu mara nne. "Sanduku tupu, watoto salama," Mama Ambwene aliwaambia wageni, nao wakaandika hivyohivyo, wakaondoka wamefurahi.

Watoto walikaa chini, juu ya magunia. Wakubwa walishika mbele, karibu na mlango na mwanga, wadogo wakasukumwa nyuma, mpaka mdogo kuliko wote akaufikia ukuta. Huyo alikuwa Bupe, mtoto wa Subilaga, mama mmoja mchuma chai. Alikuwa na miaka saba na meno mawili yalikuwa yamemtoka. Siku moja udongo ulimdondokea daftarini, ukitoka chini ya ile karatasi ya sheria. Akaupangusa. Kesho yake ukadondoka tena. Siku ya tatu akasimama.

"Mwalimu, ukuta unatema."

Darasa zima likacheka. "Labda ukuta umekula ugoro!" alisema mkubwa mmoja wa mbele, wakacheka zaidi. Mwalimu Lutengano hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, na msije mkamtafutia ubaya ili sisi tupone. Alikuwa kijana mwenye watoto arobaini na chaki moja, na wageni walikuwa wamemwonya: lalamiko la mtoto usilipokee kwa mdomo, lisije likapotea kwako ukaulizwa. Kwa hiyo alimjibu kwa upole, na hili ndilo neno ninalotaka mrudi nalo nyumbani. Alimwambia:

"Andika, mwanangu, utie sandukuni."

Bupe akakaa. Darasa lilikuwa limefika ba, be, bi, bo, bu. Neno "ukuta" lilikuwa mbali sana mbele yake, kwenye somo ambalo halijafundishwa. Lakini mtoto mwenye adabu akiambiwa hufanya. Alikiokota kile kilichoanguka, kipande cha udongo ukubwa wa punje ya maharage, upande mmoja una chokaa. Wenzake walipotoka alinyoosha mkono, akajiinua kwa vidole vya miguu, akakitia kwenye mwanya.

Jumamosi Mama Ambwene alifungua, akaguna. Jumamosi ya pili udongo ukawa kiganja kizima. Ya tatu ukawa viganja viwili. "Jamani, watoto wa siku hizi! Kitu cha wageni wamekigeuza jalala!" Akamwita bibi mmoja aliyekuwa akifagia pale, akamwambia, "Bibi, nikung'utie hiki nje."

Bibi yule hakuwahi kukanyaga shule. Lakini kuta alizijua. Tangu usichana wake alikuwa amekanda udongo kwa miguu na kukandika nyumba za watu kwa mikono, na marehemu mama yake alimwambia kila mara, "Nyumba huanza kufa chini, halafu ndipo hufa juu." Alipolimimina sanduku aliona. Udongo wa uwanjani ni mweusi. Huu ulikuwa wa manjano, una nyasi kavu ndani yake, una chokaa. Ulikuwa na unyevu. Aliuminya, ukashikana kama unga wa ugali. Akalitazama ghala. Akafungua mdomo. Kisha akajiambia: mambo ya sanduku ni ya waliosoma, wewe kazi yako ufagio. Akaumwaga kwenye migomba, akakung'uta mikono.

Jumatatu Mama Ambwene alisimama mbele ya watoto. Akasema, atakayekamatwa anatia taka sandukuni atafagia uwanja wiki nzima, na mzazi wake ataitwa. Watoto wakatazama chini. Bupe naye akatazama chini, na mbele ya miguu yake kulikuwa na kipande kingine.

Jioni ile mama yake alimwogesha. Akaona mikono ya mtoto ina weupe kwenye vidole, weupe umeingia hadi ndani ya kucha.

"Bupe, huu weupe ni wa nini?"

"Naandika, mama."

Subilaga akaacha kumwogesha. Mwanamke huyu alikuwa akitia dole gumba kila anapotakiwa kuweka sahihi, na wenzake shambani walikuwa wakimtania kwamba dole lake limechakaa kuliko jembe. Akaibusu ile mikono yenye chokaa, mmoja mmoja. Kesho yake aliwatangazia wachumaji wote, kikapu mgongoni, "Mwanangu anaandika! Mikono imejaa chaki mpaka kwenye kucha!" Wakamshangilia. Kuna aliyesema, "Basi na barua yangu ataniandikia." Hakuna aliyesema, mtoto mdogo hivyo chaki kaipata wapi, na chaki ya darasa ni moja, nayo anaishika mwalimu.

Na mtoto alikuwa amesema kweli.

Ikaja wiki ya mvua ile isiyopumzika. Siku ya kwanza Bupe hakutia kitu, aliogopa kufagishwa uwanja na mama yake kuitwa. Siku ya pili aliandika. Alichana ukurasa wa daftari, akanakili kilichokuwa ubaoni, mstari mmoja chini ya mwingine, ba be bi bo bu, mara nne, kwa mkono uliopinda. Aliambiwa andika, akaandika alichojua. Halafu akafungia ndani yake kipande cha udongo kikubwa kuliko vyote, akakisukuma kwenye mwanya mpaka kikaingia.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, ukuta wa nyuma uliangukia ndani.

Walitoka wote isipokuwa wa mwisho. Wakubwa walikuwa karibu na mlango. Wanaume walichimbua kwa majembe, kisha kwa mikono, maana jembe liliogopesha. Mzee Mwaipaja alichimbua mpaka kucha zikamtoka, huku akisema neno moja tu, analirudia, "Nilijua. Nilijua. Nilijua." Subilaga aliletwa kutoka shambani na kikapu chake mgongoni, chai ikimwagika njia nzima. Ile karatasi ya sheria waliikuta juu ya mtoto, imemfunika kifua, na misumari yake minne bado ipo.

Sanduku lilikuwa kwenye ukuta wa mbele. Halikupata hata mkwaruzo. Mama Ambwene alilifungua mbele ya watu, akakuta kifurushi kimoja. Alikikunjua. Alisoma ba be bi bo bu, akaona udongo wenye chokaa, akakaa chini pale pale kwenye tope na khanga yake. Subilaga alikichukua kile kikaratasi. Hakujua kusoma. Akakishika kichwa chini miguu juu, akauliza watu, mmoja baada ya mwingine, "Mwanangu ameandika nini? Nisomeeni. Ameandika nini?" Mwalimu Lutengano alikuwa pale. Kamati ilikuwa pale. Watu waliosoma walijaa uwanja mzima. Lakini alikuwapo mmoja tu ambaye angeweza kumsomea, na huyo alikuwa amesimama nyuma, ameshika ufagio.

Wageni walirudi. Walilia, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Lilijengwa darasa jipya, la matofali ya kuchoma, na sheria zikaandikwa upya kwa herufi kubwa zaidi. Wakaleta na sanduku jingine. Hili ni la chuma, lina kufuli mbili. Limetundikwa juu kidogo kuliko lile la kwanza, watoto wasiliguse ovyo.

Sasa wanangu, mlioketi hapa mnafuta macho, msidhani nimewaletea habari za matofali. Kuna kuta zenye miguu miwili. Zimepakwa chokaa, zinang'aa, tunaziita mjomba, tunaziita mwalimu, tunaziita baba mchungaji, na yupo mtu mzima anayejua kwamba si za kuegemea, na gunia lake ameshaliondoa. Naye mtoto ameshasema. Amesema kwa kukojoa kitandani wakati alikwisha kuacha. Amesema kwa kukataa uji, kwa kujificha mgeni fulani akibisha hodi, kwa kuumwa tumbo kila Jumatatu. Ametia sandukuni kile alicho nacho. Sisi tukaona taka, tukamwita bibi akung'ute.

Udongo ule ulikuwa mwepesi. Ungeweza kuubeba kwenye kiganja kimoja ukaupeleka hadi kwa Mama Ambwene, hatua ishirini, ukasema, "Mama, huu ni ukuta." Msiniulize nimejuaje uzito wake. Bado ninao mkononi, na kila ninapofagia hautoki.

Nawauliza ninyi, kwa kuwa mimi nimeshachelewa: leo asubuhi, mtoto wa nyumbani kwako amekunyooshea nini, nawe umemwambia aende akaandike?