Tumbili Apimwa kwa Kelele za Nyati

Wewe unayecheka hapo, nyati akikujia mbio nawe una mpira mkononi, utaurusha au utamwita mama?

Usinijibu. Hata Tumbili hakujua, mpaka alipojiwa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na wivu kama sisi, ukame ulikausha kila kitu isipokuwa chemchemi ya Tembo. Tembo huyo alikuwa na timu ya mpira wa kurusha. Mrushaji husimama nyuma ya wenzake, akamtafuta kwa macho mwenziwe aliyetangulia mbele, akampelekea mpira hewani. Na muda wote huo majitu ya upande wa pili yanamjia yamvunje. Mrushaji wa awali alikuwa amekwisha kuvunjwa. Tembo akatangaza: kijana atakayechaguliwa kutoka Chuo cha Bondeni, watu wa nyumbani kwake na aliyemleta watahamia chemchemini wanywe.

Nguchiro alisikia, koo lake kavu kama kigae. Jirani yake, Mama Tumbili, alikuwa na kijana chuoni mwenye mkono wa ajabu. Lakini Nguchiro alikuwa akichungulia mazoezi. Pale chuoni wavamizi hupiga ukelele, "Haya!" ndipo wakimbie. Tumbili akisikia sauti, hurusha. Siku moja Paa alimjia kimya, kwa utani tu. Kijana akaganda kama uji wa jana.

Nguchiro akalificha hilo moyoni, akaenda kwa Nyati, ambaye ndiye angemvamia Tumbili siku ya kupimwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nina kiu."

"Nasikia utamvamia yule mtoto kimyakimya. Nikasema, aka! Mzee Nyati huyu? Anayenyatia ni mwizi wa kuku. Mwenye nguvu hujitangaza."

Nyati akavimba. "Nani kasema nitakwenda kimya?"

"Maneno ya watu tu, mzee."

Siku ilipofika, Nguchiro akamleta Tumbili, naye Tembo na msaidizi wake Kifaru wakaleta kamba. Wakampima Tumbili mkono, wakampima mguu, kisha mkia. Mkia wa nini? Hakuna aliyeuliza, walikuwa wataalamu.

"Mvamie!" Tembo akaamuru.

Nyati akapiga kwato, pu! pu! "Mbuuuuu!"

Majani yakapukutika. Tumbili, aliyekwisha kuisikia sauti aliyokuwa akiingoja, fyuu! Mpira ukatua kifuani mwa Swala, aliyewekwa mbele kuudaka.

"Tena!"

"Mbuuuuu!"

Fyuu!

"Umeona?" Kifaru akasema. "Kishindo chote kile, na jicho hakupepesa. Ana moyo wa chuma huyu."

"Nimeuona kwa macho yangu," akajibu Tembo, ambaye macho yake hayafiki hata magotini.

Nguchiro akanywa siku hiyo mpaka tumbo likawa ngoma.

Kisha ikaja siku ya mechi, na Simba wa Nyika. Simba hao hawakujitangaza kwa mtu. Tumbili akashika mpira, akatega sikio, akangoja sauti. Sauti haikuja. Walikuja wao.

Kacha!

Wakamrudisha nyumbani juu ya mkeka, ule mkono wake wa ajabu ukining'inia. Kobe mganga akaupapasa, akatikisa kichwa: hautarusha tena.

Tembo na Kifaru wakafika mlangoni, wala hawakuja kutoa pole.

"Mama Tumbili, funga virago," Tembo akasema. "Mwanao ni mwoga. Hakuna maji ya waoga hapa."

"Mwoga! Si nyinyi mliompima? Hadi mkia!"

"Tulimpima, akatudanganya," Kifaru akasema. "Chuo kile kinafuga waoga."

Tumbili akageuza uso kwa Nguchiro, aliyeketi pembeni na kibuyu chake cha maji.

"Mjomba, wewe ulikuwepo. Mimi ni mwoga?"

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Hakuna aliyemshuku, na kumlaumu majeruhi hakugharimu kitu. Mama Tumbili alikuwa amekwisha kukusanya sufuria. Sasa alisimama tu, akimngoja mwanawe ainuke, naye hawezi kuinuka.

Nguchiro akaweka kibuyu chini.

"Si mwoga," akasema. "Apimaye kishindo asidhani amepima moyo. Nilijua kwamba akijiwa kimya huganda, nikawaficha. Mimi ndiye niliyemchochea Nyati apige kelele, ili nipate kunywa."