Roshani Isiyo na Bahari

Bwana asifiwe! Aa, hiyo ni amina ya watu wanaofikiria chai. Bwana asifiwe! Sasa nimesikia. Kaeni. Kwaya nanyi kaeni, leo sina haraka na wala sitaki mtu wa kunisimamia.

Leo nataka tusafiri, na tunapanda meli. Naona wengine mnatabasamu, mnaambizana kwamba mchungaji wetu hata Pemba hajawahi kufika. Ni kweli sijafika. Lakini mfano haukatiwi tiketi, wapendwa, kwa hiyo njooni wote, hata Mzee Mbonea ambaye najua anaogopa maji.

Basi, walikuwapo mume na mke waliokaa katika ndoa miaka tisa bila mtoto. Miaka tisa! Mliopita njia hiyo mnaijua ilivyo ndefu, na mawifi mnajua mlivyoirefusha. Mume alikuwa mzee wa kanisa, tena mwombaji wa kweli. Suruali zake zote zilikuwa zimepauka magotini. Alipiga magoti asubuhi, akapiga jioni, akamwomba Mungu kitu kimoja tu. Mungu akasikia, wakapata binti, wakamwita Tunu. Tangu siku hiyo jirani walianza kuwaita Baba Tunu na Mama Tunu, na ninyi mnajua jina hilo lilivyo tamu kwa mtu aliyelisubiri.

Tunu alipofikisha mwaka na nusu, wazazi wakasema, safari hii tumshukuru Mungu kwa kupumzika. Tupande ile meli kubwa ya kitalii, tuzunguke visiwani wiki nzima, sisi na mtoto wetu. Wanajumuiya waliposikia wakafurahi kupita kiasi. Wakasema, hamwondoki kimyakimya, tunakuja bandarini kuwasindikiza, sare tumeshashona, na nyimbo tunazo. Ndivyo tulivyo. Kwetu mtu hasafiri peke yake hata kama tiketi ni yake peke yake.

Sasa niwaambie kidogo habari za Tunu, maana bila kumjua Tunu mfano huu hamtauelewa. Yule mtoto hakuwa anatembea, alikuwa anakimbia. Tena kila kitu kwake kilikuwa ngazi. Ukisahau ndoo, amepanda. Ukiacha kreti la soda ukutani, amepanda. Siku moja walimkuta amesimama juu ya meza ya chakula katikati ya vyombo, anawapungia mkono kama mgombea udiwani. Mama yake alicheka siku hiyo, lakini usingizi ulipungua.

Meli ikafunga gati. Karani wa kampuni akawa anawatembeza wateja waone vyumba kabla ya kulipia. Akawapokea kwa heshima, akamtazama Tunu mgongoni kwa mama yake, akasema, "Karibuni. Nyie mko wawili. Mtoto wa umri huu huwa hahesabiwi."

Mama akajibu, "Ahsante, kaka. Ila huyo asiyehesabiwa ndiye tunayemtafutia chumba."

Karani akadhani ni utani. Akawashusha chini, katikati ya meli, kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha. Akawaeleza kwamba sehemu ile meli haiyumbi sana, na kitanda kidogo cha mtoto kinaingia vizuri pale pembeni. Hapo mama akafanya jambo la ajabu. Akamkabidhi mumewe Tunu, akafunga kanga kiunoni, akapiga magoti mlangoni, akaanza kutambaa. Akatambaa mpaka chini ya kitanda, akatambaa mpaka bafuni, akavuta kila mlango wa kabati, akasukuma kila kilichosimama.

Mume wake akainama akanong'ona, "Mama Tunu, umeangusha hereni?"

"Sijaangusha kitu," mama akasema kutoka huko chini. "Natafuta nisije nikaangusha."

Mume akamrudishia Tunu mgongoni, lakini moyoni hakufurahi. Alitazama zile kuta nne akaona stoo. Nani alipie safari ya baharini akalale stoo? Mwambieni ukweli mchungaji wenu, ninyi mngependa?

Wakapanda juu. Karani akafungua chumba cha pili, na hicho, wapendwa, kilikuwa na roshani yake. Mlango wa kioo, viti viwili vyeupe, na mbele yenu bahari imelala buluu mpaka mwisho wa macho. Wateja wengine waliokuwa nyuma yao mlangoni wakaguna kwa pamoja, "Looo!" Mume akatoka nje, akashika lile bomba la juu la ukingo, akavuta pumzi. Chini yake akaliona gati, mahali hasa ambapo wanajumuiya watasimama na sare zao.

"Mama Tunu, hapa ndipo," akasema. "Tutawapungia kutoka hapa hapa. Na usinione napenda makuu, nimefikiri. Tunu akilala mchana, mimi na wewe tutakaa hapa nje na kikombe cha chai. Kule chini akilala itabidi tukae gizani kama popo."

Nataka mwone kwamba baba huyu hakusema ujinga. Alikuwa na hoja, tena hoja nzuri. Alimpenda mke wake, alimpenda mtoto. Msiharakishe kumhukumu, maana dakika chache zijazo nitawageukia ninyi.

Mama hakubishana. Alimshusha Tunu mgongoni, akamshika mkono, akapiga magoti pale roshani. Akakaa hivyo kidogo, anatazama mbele. Kisha akasimama, akapangusa kanga.

"Hapa hapana," akasema.

"Kwa nini?"

"Hapana bahari."

Mume na karani wakatazamana. Karani akajikohoza, akanyoosha mkono. "Mama, bahari si hiyo hapo?"

"Naiona nikisimama," mama akasema. "Baba Tunu, piga magoti."

"Mbele ya watu hawa wote? Mimi, mzee wa kanisa?"

"Ndiyo, maana magoti wewe unayajua. Miaka tisa umeyapiga ukimwomba mtoto huyu. Ameshakuja. Yapige tena mara moja tu, umwone anavyoona."

Wababa mliomo humu, msitazame dari, nitazameni mimi. Ni mara ngapi tumeomba kitu kwa machozi, na siku kilipokuja tukakipokea tukiwa tumesimama wima, mikono mifukoni? Mume yule alizitazama nyuso za wateja mlangoni. Alitazama suruali yake iliyopigwa pasi. Kisha akamtazama mke wake, akajua kwamba mwanamke yule hatasogea hapo hata meli ing'oe nanga. Akapiga magoti.

Akaona nini?

Akaona chuma. Ule ukingo wa roshani, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kifua cha mtu mzima, ulikuwa bati zito lililopakwa rangi nyeupe. Hapakuwa na upenyo. Bahari yote ile, visiwa vyote vile, kwa mtu wa kimo cha Tunu havikuwapo. Palikuwa na ukuta mweupe na miguu ya viti. Basi.

Na juu yao wale wateja bado wanaguna, "Jamani, tazama! Tazama kule!" Tunu akasikia. Akageuza uso wake mdogo juu, akawaona watu wazima wanafurahia kitu. Akatazama mbele, ukuta. Akatazama kushoto, ukuta. Mama yake akauachia mkono wake taratibu, huku amesimama karibu kabisa. Na hakuna aliyemfundisha mtoto yule, hakuna aliyemtuma. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cheupe, akakikamata kwa mikono miwili, akaanza kukisukuma kuelekea ukingoni. Kiti kikateleza, kikilia kidogo sakafuni.

Baba yake akauweka mkono juu ya kile kiti. Akakishikilia pale pale, bado yuko magotini, na machozi yakamtoka. Akamuuliza karani, "Hivi viti havikufungwa?"

"Hapana, mzee. Tumeviacha visogee ili mgeni akae anapopenda."

Mume akasimama, akambeba Tunu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tuandikie kile cha chini." Kisha akamgeukia mke wake, "Lakini Mama Tunu, ndiyo kusema mtoto asiione bahari kabisa?"

Mama akasema, "Ataiona. Utambeba."

Na ndivyo ilivyokuwa siku ya safari. Jumuiya walipofika na nyimbo zao walitafuta kwenye roshani zote wasiwaone. Kumbe wale watatu walikuwa kwenye sitaha ya wazi, mahali pa kila abiria, na Tunu yuko mabegani kwa baba yake, vifundo vya miguu yote miwili vimekamatwa barabara. Aliiona bahari kuliko wote melini. Mtoto alikuwa ndiye mrefu kupita kila mtu.

Sasa naona mnapumua, mnasema mchungaji leo ametupa hadithi nzuri, tumalize twende. Ngojeni. Melini mmeshashuka, lakini mikononi mwangu bado.

Sisi tunao kina Tunu wangapi? Wako wapi saa hii, wakati mimi nahubiri? Nitawaambia. Wako nyuma ya kanisa na Mwalimu Ndeshi, kando ya jenereta, amekaza sauti ili wamsikie. Huku ndani sisi tunaimba, tunapiga vigelegele, tunasema haleluya mpaka vigae vinatikisika. Wao wanatusikia. Wanajua kuna kitu kikubwa tunakishangilia. Wakichungulia mlangoni wanaona nini? Migongo. Migongo ya mashati na vitenge vya sare. Bahari yetu tunaiona tukiwa tumesimama, wao wanaona ukuta.

Na nyumbani je? Mtoto anakuona unacheka na simu yako jioni nzima, usoni umeng'aa. Anasikia mnavyomsifu jirani aliyepata gari, bila kusema alilipataje. Anajua watu wazima wana kitu cha kufurahisha huko juu. Naye anataka kukiona, ndivyo Mungu alivyomuumba. Basi atatafuta kiti. Na viti vya mitaa yetu havikufungwa sakafuni, wapendwa. Kuna kiti cha kijiweni, kuna kiti cha kamari ya simu, kuna kiti cha mtu mzima mwenye maneno matamu na pipi mfukoni. Vyote vinateleza vizuri. Mtoto atasukuma kimoja, atapanda.

Siku akianguka, tunasema nini? "Yule alikuwa mtukutu tangu zamani." "Hasikii." "Wazazi wamemdekeza." Uongo! Alikuwa anataka kuona tunachokishangilia, na hakuna aliyembeba.

Naja sasa kwenye jambo lenyewe. Mmeuona mchoro wa upanuzi wa kanisa uliobandikwa pale mlangoni. Ni mzuri, siukatai uzuri wake. Una roshani ya kwaya, una kioo kirefu mbele, watu wa barabarani wakipita watajua hapa pana usharika. Lakini darasa la watoto lililokuwa kwenye mchoro wa kwanza halimo. Nimeuliza limekwenda wapi. Nikajibiwa kwa upole kabisa, "Mchungaji, watoto hawahesabiwi kwenye viti vya ibada." Hayo maneno mmeyasikia wapi leo?

Mzee Mbonea, mwenyekiti wangu wa ujenzi, nakuona umenikunjia uso. Nakupenda, unalijua hilo, na tumezika pamoja na kuozesha pamoja. Ila mchoro ule sitautia sahihi. Nimesema hapa mbele ya madhabahu, na nitasema kikaoni, na mkiniita kwa askofu nitasema na huko. Kwaya yetu inaweza kuimba ikiwa chini; imeimba chini miaka yote na Mungu hajalalamika kwamba hasikii. Sisi tuliwaomba watoto hawa. Wengine mlilala humu kanisani mkiwaomba, mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Hatuwezi kuwaomba kwa magoti halafu tukawapangia tukiwa tumesimama.

Kwa hiyo hatutasimama kwa sala ya mwisho kama kawaida yetu. Tutatoka kwa mlango wa nyuma, twende kwa Mwalimu Ndeshi. Kila mzee wa kanisa, kila mjumbe wa kamati, atapiga magoti pale wanapokaa watoto, atazame huku madhabahuni, kisha aniambie ameona nini. Mwenye maumivu ya magoti akae chini, mchanga upo wa kutosha. Na ukiinuka, usiinuke mikono mitupu. Beba mtoto, hata asiye wako, umwingize humu ndani aone.

Mimi natangulia. Mama Mchungaji ameshanitolea macho kwa sababu ya kanzu hii nyeupe. Itafuliwa. Twendeni.